Mlio Asiousikia Wendell

Simu ililia mara mbili, ikakata, ikalia tena.

Karin Makela hakuipokea. Alikuwa ameshika kibanio, na kwenye ncha yake kulikuwa na kispika kidogo kama punje ya mchele. Angekiachia kingepotea chini ya meza ya jikoni, na magoti yake hayakuwa tayari kwa safari hiyo.

Alikilaza ndani ya ganda la plastiki lenye umbo la sikio lake. Akadondoshea utomvu wa plastiki. Akawasha taa ya zambarau ili ugande.

Ndipo akainua simu.

"Shangazi anaumwa sikio," sauti ya kiume ilisema.

"Lipi?"

"La kushoto."

Karin alifumba macho. Sikio la kulia maana yake endelea kutazama. La kushoto maana yake kamata, leo hii.

"Nani, Dorsey?"

"Unamjua. Oster."

Taa ya zambarau ilizimika yenyewe. Karin aliliangalia lile ganda. Kalibu yake alifundishwa kuimimina na Wendell Oster mwenyewe.

"Mna hakika gani?"

"Kuna mwanajeshi pale kambini alikanyaga spika zake za masikioni zikapasuka. Ndani tumekuta kitu kisichokuwa spika. Kinanasa maneno na kuyarusha nje. Zilitengenezwa na Oster. Na leo anamkabidhi mwingine, Sajenti Thibodeaux."

"Yule mpiga ngoma wa bendi ya kambi?"

"Jumapili ni mpiga ngoma. Jumatatu anakaa chumba cha rada, na spika anazo masikioni. Kila agizo litakalosemwa mle ndani litasikika kwa watu ambao hatuwapendi. Mchukue mzee kabla hajamkabidhi."

"Wendell ana miaka sabini na kitu, Dorsey. Maisha yake yote katengeneza meno ya bandia."

"Basi ana mikono mizuri," alisema Dorsey, akakata.

Karin alivaa bastola yake ya Glock chini ya koti la Carhartt. Alijaza kahawa kwenye chupa ya Stanley. Ofisi ya upelelezi ilimwingiza katika kundi la mafundi wa spika za masikioni la Duluth, mji wa kando ya ziwa, tangu kiangazi, baada ya mawimbi ya ajabu kunaswa karibu na kambi. Ilimbidi ajifunze kuchukua chapa ya sikio, kulehemu nyaya nyembamba kama unywele, kupiga msasa. Alitarajia kuchoka na kazi hiyo mapema, kama alivyochoka na kila kitu.

Haikutokea. Kulikuwa na usiku ambao, akiwa na kibanio mkononi, alisahau kabisa kwamba yuko kazini.

Na sasa kazi imemkumbuka.

* * *

Mafundi walikutana ukumbi wa chini wa kanisa la Walutheri, kama kila Jumamosi. Meza zilijaa maganda ya rangi rangi, mikebe ya utomvu, nyaya, na sufuria ya viazi na nyama ya kusaga ambayo kila mtu alisema haina chumvi na kila mtu aliirudia.

Wendell alikuwa pembeni, lenzi imebanwa kwenye jicho.

"Umechelewa, binti," alisema bila kuinua kichwa. "Nilidhani umekufa."

"Nusu tu, mzee."

"Hiyo nusu iliyobaki ikanywe kahawa. Inatisha watu."

Kando yake alikaa Trent Gullickson na kompyuta yake. Trent ndiye aliyekuwa mpimaji wa Wendell. Spika zote zilizotoka mkononi mwa mzee, yeye alizichomeka kwenye maikrofoni iliyofungwa ndani ya bomba dogo, akapiga milio ya chini hadi ya juu, akaonyesha mchoro kwenye kioo. Mtu wa miaka arobaini, mpole, mwenye sweta safi. Alimletea Karin kiti bila kuombwa.

"Hizi ni za Sajenti?" Karin aliuliza.

Zilikuwa kwenye kikasha kilichotandikwa kitambaa. Buluu kama barafu, hazina kiputo hata kimoja.

"Kazi yangu nzuri kuliko zote," alisema Wendell. "Anazifuata sasa hivi."

"Naweza kusikiliza?"

"Karin, hizo zimeshapimwa," Trent alisema kwa upole. "Usizichafue."

"Mwache asikilize," alisema Wendell. "Ajue wivu ni nini."

Karin alizichomeka kwenye simu yake. Hazikumkaa sawa, maana zilifinyangwa kwa masikio ya mtu mwingine, ila alizibana kwa vidole. Akapiga mlio unaopanda taratibu kutoka chini kwenda juu.

Kushoto, safi.

Kulia, safi. Safi. Safi.

Kisha kimya.

Alirudia. Mlio ulifika karibu na kilele ukazama. Kispika cha juu kabisa, kile cha sauti za matoazi na herufi s, hakikuwa kinaimba. Kilikuwamo, alikiona kupitia plastiki, kimekaa mahali pake kama wenzake. Kilikuwa kinafanya kazi nyingine.

Aliutazama mchoro kwenye kompyuta ya Trent. Mstari wa kulia haukuwa na shimo hata moja.

Halafu alimtazama Wendell. Mzee alikuwa anatabasamu, anangoja sifa. Mtu aliyewahi kuvunja spika zake mwenyewe kwa sababu ya kiputo kimoja. Kama kweli alizisikia hizi, asingezitoa hadharani, jasusi au si jasusi.

Kama alizisikia.

"Nzuri sana," Karin alisema, akazitia mfukoni. "Wendell, twende jikoni mara moja. Mashine ya kahawa inanisumbua."

* * *

Jikoni mwa kanisa kulikuwa na harufu ya kahawa iliyochemka mno. Karin alirudisha mlango. Akatoa spika zake mwenyewe, zile zenye ncha laini zinazokaa kwenye sikio lolote.

"Vaa hizi, mzee. Ukisikia mlio, inua kidole."

"Mchezo gani huu?"

"Nifanyie hisani."

Alivaa. Karin alianza katikati. Kidole kikainuka. Akapanda. Kikainuka. Akapanda tena. Kilisita, kikainuka.

Akapanda mpaka pale mlio ulipozama kwenye spika za Sajenti.

Kidole kikainuka.

"Wendell," Karin alisema taratibu. "Nimezima. Hakuna mlio."

Mzee hakushusha kidole upesi. Alipokishusha, alivua spika, akaketi juu ya kreti ya soda.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi. Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu sasa. Ndege walianza kupotea. Nikadhani wamehama." Alijipangusa mdomo. "Fundi wa masikio asiyesikia. Wangenicheka mpaka Wisconsin."

"Anayekusikilizia sehemu ya juu ni Trent."

"Aliligundua mwenyewe. Hakunicheka. Akasema, mzee, wewe tengeneza, mimi nitapima, hakuna atakayejua." Wendell alimwangalia. "Ni mtu mzuri yule."

"Vispika vya juu anakununulia nani?"

Mzee aliutazama mlango wa ukumbi.

"Yeye. Huniletea vimeshalehemiwa," alisema. "Macho yangu pia... Karin, wewe ni nani?"

Karin alikuwa ameshafungua mlango.

Kiti cha Trent kilikuwa kitupu. Kompyuta haipo. Sweta lake tu limesahauliwa mgongoni mwa kiti.

* * *

"Dorsey. Siye mzee. Ni Gullickson."

"Ushahidi?"

"Mfukoni mwangu. Anakimbia. Pikapu nyeusi ya Silverado, anashuka kuelekea ziwani."

"Una hakika?"

"Dorsey, nina hakika na nimechoka. Sikiliza kwanza, utauliza baadaye."

Gari kuukuu la Ford la Karin lilikuwa linateleza kwenye mteremko. Theluji ya Machi ilikuwa imeyeyuka ikaganda tena. Chini kabisa Karin aliona taa za nyuma za Silverado zikikunja kulia kwenye njia panda, zikavuka taa nyekundu, zikanyooka kuelekea bandarini.

Huko hakukuwa na barabara kuu. Kulikuwa na daraja moja tu, la kuinuliwa meli zipite, na ng'ambo yake ulimi mrefu wa mchanga wenye nyumba, na mwisho wa nyumba, kiwanja kidogo cha ndege.

"Ana ndege inamngoja," alisema kwenye redio. "Inueni daraja."

"Kuna meli?"

"Hata kama hakuna. Waambie wainue."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie shangazi anaumwa sikio. Sijui. Fanya kazi yako."

Redio ilikoroma. Karin aliachia pedali ya mafuta. Hakuwa na haja ya kukimbia. Alifungua chupa ya Stanley kwa mkono mmoja, akanywa kahawa, ikamuunguza ulimi.

Honi ya daraja ilisikika. Ndefu, nzito, ikatetemesha kioo.

Alipofika, vizuizi vilikuwa vimeshashuka. Sakafu nzima ya chuma ilikuwa inapanda hewani polepole kama lifti. Silverado ilikuwa imesimama mbele ya kizuizi, na nyuma yake basi la shule tupu lilikuwa limeifungia njia.

Karin alishuka. Upepo wa ziwa ulimpiga usoni. Magoti yalilalamika. Alitembea upande wa dereva, Glock imeshushwa pajani.

Trent alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja tu. Mwingine ulikuwa ndani ya koti.

"Toa mkono," alisema Karin. "Taratibu. Sina nguvu za kuandika ripoti ya maiti."

"Huwezi kunipiga risasi mbele ya basi la shule."

"Ni tupu. Nimeshalitazama."

Trent alimsoma usoni. Kisha mkono ukatoka, mtupu. Ndani ya koti Karin alikuta bastola ndogo na karatasi ya sigara imefunga punje nne za mchele ambazo hazikuwa mchele.

"Nilimfanyia wema," Trent alisema akifungwa pingu. "Mzee alikuwa ameisha. Nilimrudishia kazi yake."

Karin alizitia punje zile mfukoni, karibu na spika za buluu.

* * *

Dorsey alifika na magari mawili. Alikuwa na pua nyekundu na furaha ya mtu aliyekuwa ndani ya joto.

"Sajenti tumeshamwambia. Wa kambini wenye spika za mzee wanakusanywa wote. Kazi nzuri, Karin."

"Mzee mwachieni."

"Atahojiwa. Utaandika jinsi ulivyojua."

"Nikiandika, masikio yake yatakuwa kwenye faili."

"Ndiyo maana ya faili."

Karin alirudi kanisani kwa sababu ilimbidi achukue spika zote za mzee zilizobaki mezani. Wenzao walikuwa wameondoka. Sufuria ilikuwa imekwanguliwa. Wendell alikuwa amezipanga tayari kwenye kisanduku cha viatu, kila jozi kwenye kitambaa chake.

"Watu wako wamenieleza," alisema. "Kijana wao ana adabu. Alipaza sauti sana, kama mimi kiziwi."

"Pole, mzee."

"Ulijifunza haya ili unichunguze?"

"Ndiyo."

Wendell alitikisa kichwa. "Ulikuwa na mkono mzuri, kwa mwongo."

Karin alichukua kisanduku. Kilikuwa chepesi mno kwa kazi ya miaka. Alitaka kusema jambo kuhusu zile saa za usiku jikoni kwake, taa ya zambarau, utulivu ule. Badala yake alifunga kifuniko.

"Ile jozi ya buluu," Wendell alisema, "ukiiweka kando hiyo takataka iliyomo. Ilikuwa nzuri?"

Karin alisimama mlangoni. Angeweza kumdanganya, alilipwa kwa hilo.

"Chini, safi. Katikati sijawahi kusikia kitu kama kile. Kushoto, mpaka juu kabisa. Kushoto mlio ulikuwa mzima wote, Wendell."

Mzee aliketi, akavuta lenzi, akaanza kusafisha meza yake.

Karin alipanda ngazi, akatoka kwenye baridi akiwa na kisanduku kwapani. Redio ililia jina lake. Akaizima, akawasha gari.