Mapambo ya Kompyuta Yalinitenga na Mama

Nina miaka thelathini na minne, ni mjane, naishi Katoyi hapa Goma. Kazi yangu ni kuchapa barua na kutoa picha za watu, kwa kompyuta moja kuukuu aliyoniachia marehemu mume wangu.

Shemeji yangu Justin ndiye aliyeipamba. Aliingiza programu iliyoleta maporomoko ya maji kwenye skrini, saa kubwa, na alama zinazorukaruka ukizigusa. Tangu hapo mashine ikawa nzito... mara inakwama, mara inajizima. Nilimwomba aitoe, akaniapia ameitoa. Kumbe aliyaficha tu yale maji! Nikitoka, aliyarudisha awaonyeshe marafiki zake.

Kisha vita vikafika Rutshuru, alikokuwa akiishi mama. Alikimbia na majirani, wakapotezana njiani. Ndugu wasomaji, mama yangu ni bubu, na kalamu hajawahi kuishika. Akiulizwa jina, atajibu nini? Nilihitaji picha yake niizungushe kwenye kambi ya wakimbizi. Simu nilikuwa nimenyang'anywa. Picha ilibaki ndani ya kompyuta tu.

Umeme ulikatika, nikaazima betri kwa jirani. Mashine ikawaka, nikafungua picha... ikakwama uso wa mama ukiwa nusu. Nikazima, nikawasha. Ikakwama tena! Nje risasi zinalia, njia zimefungwa, fundi wa kompyuta yuko mbali, mtaa wa Keshero. Ningekwenda wapi? Nilijifungia chumbani na nusu ya uso wa mama, nikalia hadi betri ikaisha.

Risasi zilipotulia nikambebea fundi mashine. Akaniambia, "Mama, hii mashini iko na memori kidogo. Ile mapambo njo inaikula yote, tena ni kopi ya wizi. Kwa mashini ya nguvu haingekusumbua hivi."

Akaifuta. Picha ikatoka papo hapo.

Kambini mwanamke mmoja aliitazama, akashika mdomo. "Huyu muzee tulikuwa naye hapa," akasema. "Leo asubuhi alipanda kamyo ya watu wenye kuvuka mpaka."

Asubuhi ile ile! Nilikimbilia lile lori, lakini nilipofika mpakani, njia ilikuwa imeshafungwa.

Justin anasema alidhani programu ile haina madhara. Nimsamehe vipi?

Ndugu zangu, mashine dhaifu msiivishe mapambo, na anayewaambia ameyatoa, hakikisheni kwa macho yenu. Picha za wazazi wenu zitoeni kwenye karatasi leo, kabla hamjazihitaji. Mimi naitembeza ya mama upande huu... naye yuko ng'ambo, hana wa kumsemea.