Tangazo Chini ya Sahani

Kila Ijumaa asubuhi Baba alibandua matangazo kwenye ubao wa chuo kikuu. Msimamizi wake aliagiza hivyo: fagia, piga deki, bandua. Miaka kumi na mmoja! Karatasi nene hakuzitupa. Alizileta nyumbani, Mama akazitandika kwenye rafu ya vyombo, upande mweupe juu. Baba hakujua kusoma. Mama naye hakujua.

Binti yao alikuwa mwaka wa pili chuoni hapohapo. Siku moja alikuwa anafunga sanduku aende kutafuta kazi. Ada ilikuwa imemshinda baba yake, masomo basi.

Jirani yao, mkutubi mstaafu, akapiga hodi.

"Shoga, nimerudisha sufuria. Mfuniko usiniulize!"

Aliinua sahani apate nafasi rafuni. Karatasi ikaanguka, ikageuka. Akaisoma. Akakaa chini pu!

"Shoga, hii mmeitoa wapi?"

"Ya mume wangu, ya ubaoni. Ina nini?"

"Ufadhili! Ada yote, kwa watoto wa wafanyakazi wa chuo. Mwisho wa kuomba Jumatatu hii!"

Binti akaliacha sanduku wazi. Wakaondoa vyombo vyote. Chini ya karatasi hiyo kulikuwa na nyingine, ya mwaka jana. Chini yake, ya mwaka juzi. Saba! Familia ilikuwa inalia shida huku sahani zimekalia haki yake.

Baba akaingia na nguo za kazi.

"Mbona kimya? Nani amekufa?"

Binti akamsomea. Baba akatazama viganja vyake.

"Nimebandua mimi? Kwa mikono hii?"

"Watu wa ofisi wanabandika lini, Baba?"

"Alhamisi jioni."

"Yaani linasomwa na popo tu!" mkutubi akasema. "Mwaka jana alipata nani?"

"Kijana wa msimamizi. Mwaka juzi, binti yake. Aliniambia ni mfadhili wa ng'ambo." Baba akajipiga paji la uso. "Na mimi nilimpa mkono wa pongezi!"

Mama akaanza kulaani. Mkutubi akamzuia.

"Laana haijazi fomu, shoga. Sikiliza, mwanangu. Fomu ni bure. Anayetaka chochote ni mwizi. Weka matokeo yako, barua ya mhadhiri wako, na barua ya kazi ya baba yako. Toa nakala ya kila kitu. Peleka mwenyewe ofisi ya ufadhili, usimpe mtu akupelekee. Wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, wenye tarehe."

Jumatatu karani alimwambia Binti, "Umechelewa. Orodha imekamilika."

Binti akaweka tangazo mezani.

"Imekamilika vipi, na siku ya mwisho ni leo? Naomba muhuri, kaka."

Karani akasoma. Akasoma tena. Akagonga.

Baada ya miezi miwili barua ikaja: amepata. Sanduku likarudi uvunguni. Baba naye akaanza darasa la watu wazima. Darasani walimcheka kwa kushika kalamu kama ufagio. Hakuacha.

Mwaka uliofuata, Ijumaa asubuhi, Baba alisimama mbele ya ubao. Aliweka ndoo chini. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza la tangazo la ufadhili, akasoma kwa sauti. Mlinzi akasogea. Wapishi wawili wakasogea. Mtunza bustani akatoa kalamu.

Msimamizi akaja mbio.

"Mzee! Sikukwambia ubandue?"

"Nitabandua, bosi, nikimaliza," Baba akasema, kidole hakikutoka pale. "Ila nivumilie. Mimi nasoma polepole."