Saa ya Gédéon

Kila siku baada ya masomo, mtaani kwetu Kasongo, Gédéon alitusimulia jinsi alivyopanda ndege kwenda Kinshasa. Leo mawingu yalikuwa chini ya miguu yake, kesho rubani alimkaribisha mbele. Mkononi alivaa saa kubwa ya baba yake, akaitazama kila mara kama mtu mwenye shughuli nyingi. Shughuli yenyewe ilikuwa kusema uongo, na mimi, Safia, sikuwahi kumwamini.

Mama yangu alimwamini. Mama yake mama, bibi yangu Koko Nuru, alikuwa haoni tena, akawa anasafiri peke yake kwenda Kinshasa kupasuliwa macho. Mjomba Ibrahim ndiye angempokea kule. Siku moja kabla ya safari, mjomba alipiga simu kuuliza ndege ingefika saa ngapi.

"Inaruka saa mbili asubuhi, na safari ni ya masaa matatu," mama alisema. "Ngoja nimuulize mwalimu Dominique, yuko hapa jirani."

Gédéon, aliyekuwa amekaa mlangoni petu, akacheka kwa dharau. "Mwalimu hajapanda avion hata siku moya. Miye nimepanda mara mbili. Mwambie saa tano juste."

Mama akasema hivyo hivyo.

Kesho yake, saa tano ilipopita kidogo, mama alimpigia mjomba. "Umemuona mama?"

"Ningali nyumbani," mjomba akajibu. "Huku iko saa nne tu."

Mama hakuelewa: kwetu saa tano ilikuwa imeshapita. Mimi nikakimbia kumwita mwalimu. Gédéon naye alikuwepo, amekuja kungojea sifa.

"Kinshasa iko magharibi, zaidi ya kilomita elfu moja na mia mbili kutoka hapa," mwalimu alieleza. "Jua linatufikia sisi kwanza, ndiyo maana saa zao ziko nyuma ya zetu. Saa tano yetu ni saa nne yao. Ndege imeshatua." Akamgeukia Gédéon. "Kila anayeshuka kule hurudisha saa yake nyuma. Wewe uliirudisha mara ngapi?"

Gédéon akaificha saa yake nyuma ya mgongo. "Sijapanda, mwalimu. Nilifika Wamaza tu."

Hata huko Wamaza, mji usio mbali na kwetu, alikwenda kwa pikipiki.

Mjomba alikimbilia uwanja wa ndege, akamkuta Koko amekaa chini kati ya watu wanaosema Kilingala asichokielewa. Kapu lake lilikuwa limeibwa, naye alikuwa akiita jina la mama yangu.

Koko alirudi Kasongo baada ya miezi miwili, anaona vizuri. Baba yake Gédéon akamleta mwanawe kuomba msamaha. Koko akamshika kidevu, akamtazama bila haraka.

"Nilijiuliza huyu mutu mukubwa wa avion iko namna gani," akasema. "Kumbe ni katoto haka."

Nilicheka. Gédéon akainamisha kichwa.

"Giza sikuliogopa, nililizoea," Koko akaendelea. "Niliogopa kwamba watoto wangu wamenitupa. Na mwalimu alikuwa nyumba ya pili. Ungesema tu 'sijui', mwenye kujua angeulizwa."