Hodi, Kindi!

Nyamizi yuko nchi ya mbali, nchi ya baridi. Kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi.

Mama amekuja kusoma huku. Nyamizi amekuja naye. Bibi amebaki nyumbani, Tabora.

Siku ya safari Bibi alisema, "Mjukuu wangu, nipigie picha ya mnyama wa huko. Mmoja tu. Anitazame machoni, nijue uko na nani."

Nyamizi aliacha kandambili zake za njano mlangoni. "Usizitoe, Bibi. Nitarudi kuzivaa."

Leo Mama amempa kamera. Wako kwenye bustani kubwa yenye miti na bwawa.

Nyamizi ana adabu zake. Kwa watu huingii bila kupiga hodi! Na kwa Bibi hodi hupigwa kwa sauti kubwa, mpaka aliye uani asikie.

Yule pale bata! Nyamizi anamkimbilia.

"Hodi! Hodi wenyewe!
Bibi yuko mbali, anaomba picha!"

Pwata, pwata, pwaaa! Bata huyoo, ameruka.

Kacha! Picha ya maji.

Yule pale sungura! Nyamizi anamkimbilia.

"Hodi! Hodi wenyewe!
Bibi yuko mbali, anaomba picha!"

Puru, puru, puru! Sungura huyoo, ametoka mbio.

Kacha! Picha ya mkia. Mkia utamtazamaje Bibi?

Yule pale kindi mwekundu, mkia wake mkubwa kuliko yeye! Nyamizi anamkimbilia.

"Hodi! Hodi wenyewe!
Bibi yuko mbali, anaomba picha!"

Kwaru, kwaru, kwaru! Kindi huyoo, juu ya mti.

Kacha! Picha ya mti. Miti hata Tabora ipo!

Nyamizi anakaa chini na kulia. "Wanyama wa huku hawajui kusema karibu! Namtaka Bibi!"

"Pole, mwanangu," anasema Mama. "Hata mimi namkumbuka." Macho ya Mama nayo yanalengalenga machozi.

Nyamizi anafuta pua. Anawaza mlango wa Bibi. Mgeni akishapiga hodi, hufanya nini?

Husimama. Hungoja. Haingii mpaka aambiwe karibu.

"Mama!" anasema Nyamizi. "Mimi nilipiga hodi, nikaingia hapohapo!"

Basi anakaa kimya karibu na mti wa kindi. Safari hii ananong'ona tu.

"Hodi. Hodi wenyewe.
Bibi yuko mbali, anaomba picha."

Anangoja. Pua inapata baridi.

Anangoja. Mguu unakufa ganzi.

Anangoja. Anamkumbuka Bibi sana, sana.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Kindi anashuka. Anasogea. Anasimama wima, mikono kifuani, na kumtazama Nyamizi machoni.

"Asante," ananong'ona Nyamizi.

Kacha!

Jioni, Nyamizi amekwisha kuoga, yuko kitandani. Mama amemtumia Bibi picha ya kindi.

Tlin! Simu inalia. Bibi naye ametuma picha!

Kandambili za njano zipo mlangoni. Paka wa Bibi amelala juu yake. Na pembeni kuna kitu kikubwa, kimeziba nusu ya ukuta.

"Mama, hiki nini?"

Mama anacheka. "Kidole cha Bibi! Kimeziba kamera."

Kisha inasikika sauti ya Bibi. "Nimemwona mwenzako, Nyamizi. Tumetazamana. Nimemwambia, nitunzie mjukuu wangu. Na wewe siku ukija, piga hodi kwa nguvu. Mimi nipo, nitaitika."

Nyamizi anakitazama kile kidole. Ndicho kile kilichokuwa kikimfuta machozi. Anaweka kidole chake juu yake.

"Hodi, Bibi," ananong'ona.

Analala hivyo hivyo, kidole juu ya kidole.