Kompyuta Iliyofunikwa Kabla ya Wakati

Kila asubuhi ya kiangazi, kabla ya chai, Ghati alifuta vumbi. Alifuta meza, akafuta redio, akafuta hata majani ya ua la dirishani, na alipomaliza alikuta mezani pameshakuwa pekundu tena. Vumbi la Kasulu halina adabu, huingia bila kubisha hodi. Ndiyo maana katika chuo kikuu alikofanya kazi mama yake, kila kompyuta ilikuwa na kitambaa chake cha kitenge. Mtu aliyeondoka na kuiacha kompyuta wazi alionekana hakulelewa vizuri.

Mama yake, Bi Winifrida, alikuwa amehamishiwa Kasulu kutoka Tarime kuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta. Likizo hiyo alikuwa na kazi nzito. Kompyuta zote za chuo zilitakiwa kuwekewa mfumo endeshi mpya, yaani ile programu kuu inayoiwasha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Mfumo wa zamani ulikuwa umechakaa na virusi viliuingia vinavyotaka. Lakini kuweka mfumo mpya kulikuwa na hatari moja: vyote vilivyokuwamo ndani ya kompyuta vingefutika. Kwa hiyo kila kazi ilipaswa kunakiliwa kwanza kwenye diski ya pembeni.

"Kompyuta iliyokwisha kunakiliwa, ifunikeni," Bi Winifrida aliwaambia wasaidizi wake. "Isiyonakiliwa iacheni wazi. Mafundi wakija watagusa zilizofunikwa tu."

Wasaidizi walikuwa wachache kwa sababu ya likizo. Ghati, mwanafunzi wa darasa la sita, alijua kunakili mafaili, akapewa chumba kidogo cha maktaba. Alifurahi mpaka akasahau kunywa chai.

Kazi ilikwenda vizuri hadi alipoifikia kompyuta ya mwisho, ya Mwalimu Leonidasi. Mwalimu alikuwa amekwenda Mabamba kwenye harusi ya mpwa wake. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na sauti za bibi wazee wakiimba nyimbo za kubembelezea watoto, kwa Kiha na Kirundi. Alikuwa amezirekodi kijiji kwa kijiji, Kibondo na Kakonko, kwa miaka. Baadhi ya bibi hao walikuwa wameshafariki, na hakuna ambaye angeweza kuwaimbisha tena.

Kompyuta yenyewe ilifanya kazi polepole ajabu. Ghati alianza kunakili, umeme ukakatika. Ukarudi, akaanza upya. Ilipofika alasiri, rafiki yake Aline aligonga dirisha.

"Wee Ghati! Timu ya Kibondo imeshashuka kwenye gari. Utakuta mpira umeisha!"

Ghati akatazama kioo cha kompyuta. Kazi ilikuwa bado haijafika hata robo. Angeiacha wazi, mama angepita, angeuliza, na mpira ungemponyoka. Nitamalizia kesho mapema, akajisemea. Akasitisha kunakili, akaizima kompyuta na kuifunika kitambaa.

Mlangoni alikutana na mama yake, akamkabidhi diski.

"Zote?" mama aliuliza.

"Zote, mama."

"Hongera, mwanangu. Basi nafunga. Mafundi wamewahi kufika kutoka Kigoma, nao wataanza na maktaba kesho asubuhi. Ufunguo nampa fundi Nurudini."

Ufunguo ukazunguka kwenye kitasa. Ghati akaelewa kwamba kesho hangeweza tena kuingia mapema kumalizia.

Uwanjani hakuona mpira wowote. Watu walishangilia, naye akawa anatazama paa la maktaba. Jioni aliuacha ugali sahanini. Mama alikuwa akizungumza na mkuu wa chuo kwenye simu, anacheka: "Binti yangu ndiye aliyemaliza wa kwanza, mzee! Wasaidizi wangu wakubwa wamebaki nyuma!" Ghati akawaza. Akisema, mama ataaibika mbele ya mkuu wake. Asiposema, sauti za wale bibi zitapotea. Kila upande aliogeukia alikuta pamezibwa, na kila sifa ya mama ilizidi kumfungia ndani.

Asubuhi alijitolea kuwapelekea mafundi chai. Fundi Nurudini, mwenyeji wa Ujiji, alikuwa peke yake katika chumba kile, ameshafika karibu na mwisho wa safu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ah, kumbe ndiye wewe mwenyewe! Karibu, bosi wa maktaba."

Nurudini alipoinama kuchomeka waya, Ghati alikivuta kitenge kutoka kwenye kompyuta ya Mwalimu Leonidasi na kukitupa kitini. Akashusha pumzi. Ikiwa wazi, fundi ataipita, na hakuna atakayejua kitu.

Fundi akainuka. "Jamani! Chumba hiki kimeshanakiliwa chote, nani kaiacha hii wazi na dirisha halikufungwa? Vumbi lote hili!" Akakichukua kitenge, akakikung'uta, akaifunika kompyuta na kuipigapiga kwa upole. "Ninyi watu wa Kasulu mmenifundisha usafi kweli."

Ghati alitaka kulia. Aliyoyategemea yamwokoe ndiyo yaliyomfunga tena. Haukupita muda, zamu ya kompyuta ile ikafika. Nurudini akaifunua, akaiwasha, akachomeka kifaa chake.

"Fundi, kunywa chai kwanza. Itapoa."

"Nitakunywa hii ikianza. Nikishabonyeza hapa hakuna kurudi nyuma, yenyewe inakwenda mpaka mwisho." Kidole chake kikashuka.

"Usibonyeze!" Ghati alipiga kelele. "Haijanakiliwa! Mimi ndiye niliyeifunika, nikaenda mpirani!"

Nurudini akauondoa mkono taratibu, kana kwamba kitufe kina moto. Akampigia simu Bi Winifrida.

Mama alifika, akasikiliza yote. Hakufoka, na hilo lilimuumiza Ghati zaidi.

"Na zile nyingine?"

"Zile nilinakili, mama. Kweli."

Bi Winifrida alifungua diski, akapitia kazi moja baada ya nyingine. Zilikuwepo zote. Kisha akachukua simu. "Simamisheni kazi chuo kizima. Kila kompyuta iliyofunikwa ifunuliwe, ikaguliwe upya."

"Lakini mama, wengine hawakudanganya!"

"Nitajuaje? Siwezi kuwa katika kila chumba. Niliviamini vitambaa kwa sababu niliwaamini waliovifunika. Sasa kimoja kimenidanganya, na aliyekiweka ni mwanangu."

Kupitia dirishani Ghati aliwaona wasaidizi wakirudi juani kuanza upya kazi waliyokuwa wameimaliza. Aliona haya hadi masikio yakawaka.

Siku iliyofuata alikaa na kompyuta ile, umeme ukikatika anasubiri, ukirudi anaendelea, mpaka wimbo wa mwisho ukaingia kwenye diski. Mwalimu Leonidasi aliporudi, mama alimtaka Ghati amweleze mwenyewe. Mwalimu alisikiliza, kisha akafungua sauti moja. Bibi mmoja aliimba, akakohoa, akacheka, akaendelea kuimba.

"Huyu ni bibi Niyomwungere. Tulimzika mwaka jana," alisema. "Mwana wanje, mwanangu, kuifunika kompyuta lilikuwa kosa dogo. Ungesema jioni ile ile, lingekwisha kwa dakika chache. Ulipolificha ndipo lilipokua mpaka likawa la chuo kizima. Ukikosea, sema mapema."

"Nimekuelewa, mwalimu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini mwenye kazi ni mama yako."

Ghati akamgeukia mama yake. Bi Winifrida akampa ile diski.

"Chumba cha idara ya historia bado. Nenda. Nami nitapita nyuma yako kukagua kila kompyuta."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka siku nitakayosahau kukagua."