Ngoma Ikiachiwa Peke Yake

Mwezi wa Margazhi, msimu wa matamasha wa kila Desemba, ukiingia, mtaa mzima wa Mylapore hupatwa na wazimu wa muziki, na foleni ndefu kuliko zote huwa ya mgahawa wa ukumbi wa muziki. Kothai hakulijua hilo. Alikuwa amehamia Chennai juzijuzi kutoka Coimbatore kwa kazi ya benki, na asubuhi ile alijipanga nyuma ya watu akidhani anakwenda kumsikiliza mwimbaji, mpaka akajikuta ameshika jani la mgomba lenye bajia za dengu.

"Samahani kaka, muziki uko wapi hapa?"

Kijana aliyekuwa mbele yake akageuka. Alivaa shuka jeupe lenye ukingo wa dhahabu, na begani alining'iniza mfuko mkubwa wa ngoma. Akamtazama msichana yule wa sari ya kijani, yasmini kwenye msuko, bajia mkononi, akaangua kicheko.

"Muziki uko ndani, dada. Huku ni kwa wenye tumbo."

"Unanicheka?"

"Nakucheka, ndiyo. Ila kula kwanza, zisipoe."

Aliitwa Vaithi, mpiga mridangamu, ile ngoma ya pande mbili inayolazwa juu ya mguu. Akamweleza mambo yasiyoandikwa gazetini: matamasha ya bure ya mchana, chumba cha juu ya duka la sari ambako wanafunzi hupiga muziki Jumapili, na maktaba ya nyuma ya hekalu yenye kanda za zamani, ambazo mzee anayeitunza humwazima yeyote anayemsifia paka wake. Kothai alimsifia paka mpaka paka akaona haya. Wakawa wanazunguka kumbi pamoja. Alijifunza kuhesabu mapigo kwa kiganja juu ya paja, akawa anakosea, na Vaithi anamshika vidole kumrekebisha. Marekebisho yale yalichukua muda kuliko ilivyohitajika, wala hakuna aliyelalamika.

Siku moja simu ikalia benki.

"Kothai! Nimepewa ukumbi mkubwa. Kesho jioni!"

"Weee! Nakaa safu ya tatu, mbele yako kabisa."

"Sasa sikiliza. Mwimbaji akimaliza wimbo mkuu hunyamaza, naachiwa ngoma peke yangu. Unajua watu hufanya nini hapo?"

"Wanashangilia?"

"Wanainuka kwenda kunywa kahawa. Baba yangu amepiga maisha yake yote akitazama visogo."

"Mimi nitaganda kitini kama gundi, mpenzi."

"Apa."

"Naapa kwa bajia zote za Mylapore."

Vaithi alicheka, lakini moyoni alishaamua. Msichana huyu akikaa mpaka pigo la mwisho, atamposa.

Kesho yake mwimbaji akanyamaza, Vaithi akafumba macho, akaanza. Alipoyafumbua, safu ya tatu ilikuwa na kiti kimoja kitupu. Cha Kothai. Mikono iliendelea kwa hasira tupu, na macho hayakubanduka kwenye kile kiti mpaka mwisho. Tamasha lilipokwisha alipitia mlango wa nyuma. Simu ikalia.

"Vaithi, uko wapi? Nakutafuta!"

"Kahawa ilikuwa tamu?"

"Kahawa gani? Hebu nisikilize..."

"Uliapa, Kothai." Akakata.

Kothai alibaki ameitumbulia macho simu. Kisha naye akapandwa na hasira. Kama ananidhania hivyo, alisema moyoni, basi na akae na ngoma yake. Hakupiga tena. Wote wawili wakawa hawali, katika mji ambao mwezi ule kila mtu anakula.

Jumapili asubuhi Vaithi alisimama kwenye foleni ya mgahawa, uso umemvimba. Mjomba Rangan, mzee asiyekosa tamasha wala kahawa, akamdaka mkono.

"Wewe! Yule msichana wako hana adabu!"

"Amefanya nini tena, mjomba?"

"Ulipoachiwa ngoma si tukainuka, kama kawaida? Akachomoka kitini, akatutangulia mlangoni, akashika vitasa vyote viwili. 'Wajomba, kahawa haina miguu. Rudini mkae.' Nikamwambia nina sukari, lazima nitie kitu tumboni. Akanitia peremende mkononi!"

"Mkarudi?"

"Tungefanyaje? Ukumbi mzima ulikaa. Kwani hukuona?"

Hakuona. Watu wote wale walikuwa mbele yake, na yeye alikuwa akikitazama kiti kimoja. Hasira hasara.

"Tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," mzee akaendelea kwa sauti ya chini, "sijawahi kusikia ngoma ikipigwa mpaka mwisho." Akapuliza kahawa yake. "Kumbe ni tamu."

Vaithi aliacha foleni akakimbia, amelipandisha shuka lisimkwaze, mpaka kile chumba cha juu ya duka la sari. Kothai alikuwa amekaa mkekani, akihesabu mapigo kwa kiganja, akikosea. Akaketi kando yake.

"Nisamehe. Nilikuwa kipofu."

"Na kiziwi. Nilikwambia nisikilize."

"Mjomba Rangan kanieleza yote. Asante, Kothai."

"Usinishukuru. Sikusikia hata pigo moja! Nililinda mlango mwanzo mpaka mwisho, masikio yangu kwenye kila kiti kilicholia." Machozi na kicheko vilimtoka pamoja.

Vaithi akaomba ngoma kwa mwanafunzi mmoja, akailaza mguuni, akaanza kupiga. Wanafunzi, kama walivyolelewa, wakainuka kwenda kunywa chai. Mlango ukabaki wazi. Kothai hakuulinda, wala hakusogea, mpaka pigo la mwisho.

"Haya," akasema akijifuta macho. "Mwambie baba yako aje Coimbatore, ale bajia za mama."

Vaithi akaiweka ngoma kando, akatoa simu kumpigia baba yake. Kwetu, familia ya kijana ikiitwa kula bajia kwa kina msichana, haijaitiwa njaa; imeitiwa posa.