Jibu la Bi Nae

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, Bi Nae Yonamine alikuwa jikoni anakata karela, zile mboga chungu. Akasikia mtu anabisha. Mlangoni alisimama msichana asiyemjua, mwavuli mkononi, kitambulisho shingoni. Alisema anaitwa Akamine na ametoka taasisi ya utafiti ya mjini Naha. Alitaka kujua maoni ya Bi Nae kuhusu kambi ya jeshi la Marekani iliyo ng'ambo ya barabara.

Kabla Bi Nae hajafungua mdomo, mwanawe Seijun alitoka sebuleni.

"Andika kambi ibaki," alisema. "Katika nyumba hii najibu mimi."

Bi Nae hakushangaa. Seijun ndiye mtoto wa kwanza wa kiume. Yeye ndiye anayetunza madhabahu ya wazee wao waliofariki. Yeye ndiye anayesema kwenye mikutano ya mtaa na kupiga muhuri kwenye karatasi zote. Lakini Akamine hakuandika kitu.

"Samahani, kaka. Jina lililotoka kwenye kura ni la mama."

Akaomba kurudi Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri. Akainama, akaenda zake. Ndipo Tomiko, mke wa Seijun, alipoikuta kadi ya posta chini ya kopo la chai. Ilikuwa imefika wiki mbili zilizopita kueleza ujio huo, na hakuna aliyeisoma.

Seijun alikuwa na hofu mbili. Alikuwa fundi wa viyoyozi ndani ya kambi hiyo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Tena kaburi la ukoo wao lilikuwa ndani ya uzio wa kambi. Kila Aprili huomba ruhusa ya kuingia na vyakula vyao, wakaketi mbele ya kaburi na kula pamoja na wazee wao. Mume wa Bi Nae amelala humo.

"Wakisikia umesema vibaya," alimwambia mama yake, "mimi sina kazi, na wewe humwoni tena baba."

Bi Nae akasema basi hatajibu kabisa. Akarudi kwenye karela zake. Alikuwa na miaka themanini na minne. Ndege za kambi zilikuwa zimepita juu ya paa lake tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumwuliza anaonaje. Siku hiyo alikula kidogo sana.

Jumatatu alikuja jirani yao, Mzee Gushiken, na magazeti mawili kwapani. Kabla ya kustaafu alisahihisha kurasa gazetini kwa miaka thelathini. Seijun alimrukia kwa maswali kabla hajaketi. Gazeti moja lilisema watu sita katika kila kumi wanataka kambi ihamishwe. La pili lilisema saba katika kumi wanaikubali. Alitaka kujua mwongo ni nani.

"Soma swali kwanza, ndipo usome hesabu," alijibu Mzee Gushiken.

Akaweka kidole kwenye maandishi madogo. Gazeti la kwanza liliuliza: je, ungependa kambi ihamishwe ili kelele zipungue shuleni? La pili liliuliza: je, unaikubali kambi inayolinda nchi? Alieleza kwamba swali likiegemea upande mmoja, na jibu huegemea huko huko. Tena lile la pili lilihesabu watu waliopiga simu wenyewe tu. Wasio na hasira, alisema, hawashiki simu.

Bi Nae akauliza kwa nini, kati ya watu wote, wamemtaka yeye.

"Ukipika supu ya mbuzi ya mtaa mzima, unaonja sufuria yote?"

"Nitapasuka."

"Unakoroga, unachota kijiko kimoja. Majina nayo hukorogwa hivyo, kwa kura. Wewe ndiye kijiko, Bi Nae. Akijibu Seijun, wameonja mafuta yanayoelea."

"Yaani mimi ndiyo mafuta?" aliuliza Seijun.

"Kwa kuelea kwako, ndiyo."

Tomiko alicheka mpaka chai ikamwagika.

Kisha Mzee Gushiken akaigusa ile hofu. Mwandishi wa habari, alisema, anaweza kuchapisha jina lako, kwa hiyo una haki ya kumkatalia au kumwomba akusomee alichoandika. Utafiti wa maoni ni kitu kingine. Huo huhesabu majibu bila majina. Alimshauri Bi Nae aulize nani anaulipia, aombe swali lirudiwe asipolielewa, na akumbuke kwamba "sijui" nalo ni jibu.

Seijun hakuridhika. Akapiga simu kwenye namba iliyo kwenye kadi, akahoji kwa nusu saa. Akaambiwa majina hutengwa na majibu, kisha huharibiwa. Aliweka simu chini, akamgeukia mama yake.

"Sawa, mama. Jibu upendavyo. Mimi sitasikiliza, na sitakuuliza kamwe."

Jumamosi Akamine alirudi, na mvua ikaja naye. Nyumba yao iko wazi pande zote, mtu wa uani husikia kila neno la sebuleni. Seijun akaingia kwenye gari lake. Kuondoka hakuweza, maana Akamine alikuwa ameegesha nyuma yake. Akapandisha vioo vyote. Kiyoyozi cha gari la fundi wa viyoyozi kilikuwa kimekufa tangu mwaka jana. Alikaa humo dakika arobaini, jasho linamtiririka, macho kwenye usukani, kwa sababu hata uso wa mama yake ungemwambia kitu.

Bi Nae alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, ameshika mwavuli mwenyewe.

Mwezi ukapita. Seijun aliendelea na kazi, wala hakuna aliyemwuliza lolote. Matokeo yalipochapishwa, alimsomea mama yake wakati wa chai, maswali kwanza, hesabu baadaye. Watu elfu moja na ishirini walikuwa wamejibu.

"Mmoja ni mimi," alisema Bi Nae. Akamtazama mwanawe. "Hutaki kujua nilisema nini?"

"Nataka, tena sana."

"Basi niulize."

Seijun alikunja gazeti, akalikunjua tena.

"Niliahidi, mama," alisema, akafungua ukurasa wa pili na kuendelea kumsomea.